Nina pauni 50 kwa mwezi: naweza kumpata Storm wa mwaka 1975?

Swali: Mimi ni Mkenya, naishi Leicester na kazi yangu ni kutunza wazee. Tangu nikiwa msichana Mombasa nimempenda Storm, shujaa wa kike wa kundi la X-Men, na sasa nataka kuanza kukusanya katuni za zamani za Marvel. Natamani vitabu vitatu: Giant-Size X-Men 1, Incredible Hulk 181 na Amazing Fantasy 15. Kila nikiangalia bei nakata tamaa. Nikishalipa kodi ya nyumba na kutuma pesa nyumbani, ninabaki na pauni 50 kwa mwezi za kwangu mwenyewe. Niachane na jambo hili, au ipo njia?

Jibu: Dada, njia ipo, ila haitakufikisha kwenye vitabu vyote vitatu. Giant-Size X-Men 1, ambamo Storm anatokea mara ya kwanza, nakala halisi iliyochapwa mwaka 1975, unaweza kuipata ukivumilia mwaka mmoja au miwili. Hulk 181 inawezekana pia, lakini itakudai subira zaidi, na kuna mlango wa pembeni nitakaokuonyesha. Amazing Fantasy 15 nakushauri uitoe kwenye hesabu. Ilitoka Agosti 1962 kwa senti 12, na Septemba 2021 nakala moja ya hali ya juu iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 3.6. Hata iliyochakaa vibaya inauzwa kwa maelfu ya dola. Kwa mtu anayetuma pesa nyumbani kila mwezi, hicho si kitabu cha kukosesha usingizi. Hadithi yenyewe, ile ya kwanza ya Spider-Man, zile kurasa 11 za mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko, utaisoma kwa pauni chache tu.

Umesema unampenda Storm, na hilo limenirahisishia jibu. Mtu anayejua anachokipenda hununua vizuri kuliko anayefuata orodha ya vitabu ghali.

Bei inakotoka

Unapotajiwa bei ya katuni ya zamani, sehemu kubwa ya pesa hiyo hailipii hadithi wala michoro. Inalipia hali ya kitabu. Kampuni ya CGC ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 2000, hupokea katuni, huikagua, huipa alama kati ya 0.5 na 10, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Giant-Size X-Men 1 yenye alama 9.8 ina wahusika walewale na kurasa zilezile za yenye alama 2.0, lakini bei zao zimeachana mbali mno. Anayelipa ile tofauti analipia kitabu ambacho karibu hakijawahi kuguswa. Wewe waachie wenye pesa wagombanie hicho. Kaa huku chini, kwenye vitabu ambavyo watoto walivisoma.

Huku chini nako kuna uchakavu wa kuvumilika na uchakavu wa kukimbiwa, na hapa ndipo pesa za wanaoanza hupotelea. Ni kama kuchagua mitumba: shati lililokatika kifungo unalichukua, lililooza kwapani unaliacha hata likiwa la bure.

Vya kuvumilia ni hivi. Mikunjo ya mgongoni. Kona zilizopondeka. Jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu juu ya jalada, au muhuri wa tarehe wa dukani. Jalada lililochomoka kwenye pini moja. Mpasuko wa sentimita moja au mbili. Alama ya maji iliyokauka zamani, mradi hakuna ukungu. Kasoro hizi zinashusha bei sana na hazikunyimi hata neno moja la hadithi. Binafsi napenda sana nakala yenye jina la mtoto. Ni ushahidi kwamba kitabu kilifanya kazi kiliyoandikiwa.

Vya kukimbia: ukurasa uliopotea, hasa zile kurasa nne za katikati, ambazo hutoka kwa pamoja pini zikilegea na mtu asigundue kwa kuangalia jalada pekee. Kuponi ya tangazo iliyokatwa, kwa sababu nyuma ya tangazo mara nyingi kuna mchoro wa hadithi. Karatasi iliyokauka hadi inamomonyoka ukiifungua. Karatasi za katuni hizi zilitengenezwa kwa massa ya mbao yenye tindikali, na zikishafikia hapo hazirudi. Harufu ya ukungu pia, kwani itahamia kwenye vitabu vyako vingine.

Halafu kuna vitabu vilivyofanyiwa ukarabati. Mtu amepaka rangi palipobanduka, ameziba mpasuko kwa gundi, au amekata kingo ili zionekane zimenyooka. CGC hutoa lebo ya zambarau kwa vitabu vya namna hiyo, na bei yake hushuka sana. Watu wengi watakuambia usiguse kabisa. Sikubaliani nao. Kama muuzaji ametaja wazi kwamba kuna rangi kidogo mgongoni, na wewe unataka kitabu cha kukaa nacho, hiyo inaweza kuwa nafuu kubwa. Ujue tu kwamba siku ukitaka kukiuza, wanunuzi watakuwa wachache. Kilichokatwa kingo sikipendekezi hata kwa bei ya kutupa: kipande cha kitabu kimeondoka na hakitarudi. Njia rahisi ya kukigundua ni kukilinganisha na katuni nyingine ya mwaka huohuo; kikipungua upande mmoja, au kingo zikiwa nyeupe na kali huku kurasa za ndani zimegeuka hudhurungi, kiache.

Mlango wa pembeni wa Hulk 181

Toleo hili ni la Novemba 1974, na ndimo Wolverine, ambaye baadaye alikuwa mwenzake Storm katika X-Men, anapigana kwa mara ya kwanza. Kwenye namba 180 alichungulia tu ukurasa wa mwisho. Mwaka huo Marvel walikuwa wakichapa vistempu vidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji na kuwahimiza watoto wavikate na kuvibandika kwenye kijitabu maalumu. Ndani ya Hulk 181 kistempu ni cha Shanna, mhusika mwingine wa Marvel. Watoto walitii, wakachukua mkasi. Matokeo yake, nakala nyingi zina tundu la mstatili kwenye ukurasa ule, na wakusanyaji wakubwa hawazitaki.

Nimesema ukimbie vilivyokatwa, lakini hiki ni kisa cha pekee. Tundu liko kwenye ukurasa wa barua, pambano la Wolverine liko zima, na bei inashuka mno. Bado utalipa mamia ya pauni, kwa hiyo si kitabu cha mwaka wako wa kwanza. Ila ukiona Hulk 181 inauzwa rahisi ajabu na muuzaji hajasema lolote kuhusu kistempu, omba picha ya ukurasa huo kabla ya neno lingine lolote. Na kikiwepo, angalia kama hakikubandikwa kutoka kitabu kingine.

Mji unaokaa

Huenda hujui kwamba Leicester ina nafasi yake katika historia hii. Thorpe & Porter, kampuni iliyosambaza katuni za Marekani kote Uingereza, ilikuwa hapo Oadby, jirani yako kabisa. Kuanzia mwaka 1960 Marvel walikuwa wakichapa, kwenye mitambo ileile ya Marekani, sehemu ya kila chapa kwa ajili ya soko la Uingereza. Tofauti kubwa ilikuwa bei ya jaladani: badala ya senti ikaandikwa peni. Hata Amazing Fantasy 15 ina nakala zake zenye bei ya peni 9.

Nakala za peni si marudio, yaani hazikuchapwa upya baadaye. Ni za chapa ileile ya kwanza, ila wanunuzi wengi wa Marekani wanapendelea zenye bei ya senti, kwa hiyo za peni mara nyingi hupatikana kwa bei ya chini. Pengo hilo limepungua tangu wakusanyaji waanze kutambua kwamba za peni ndizo chache zaidi, lakini bado lipo, na wewe uko kwenye nchi zinakopatikana. Si kila toleo lina nakala ya peni, hivyo usilazimishe. Tafuta kwanza X-Men za miaka ya 60. Nenda kwenye magulio ya katuni, maduka ya hisani, na minada midogo ya vitu vya nyumba za marehemu. Hapo ndipo wazee waliokuwa watoto mwaka 1965 wanaacha masanduku yao.

Marudio ya zamani

Watu wanaoanza hudharau marudio, na nadhani wanakosea. Marvel wamekuwa wakirudia hadithi zao tangu miaka ya 60, na marudio hayo sasa yenyewe ni vitabu vya zamani, yana karatasi ileile ya magazeti, rangi za vidoti na matangazo ya enzi zake.

Hadithi ya kwanza ya Spider-Man ilirudiwa katika Marvel Tales Annual 1 ya 1964, ikarudiwa tena katika Marvel Tales 137 ya 1982, ambayo ni rahisi. Hapo Uingereza gazeti la kila wiki The Mighty World of Marvel lilianza nayo mwaka 1972. Kisa cha Hulk na Wolverine kiko kizima katika The Incredible Hulk and Wolverine ya 1986. Na Storm wako? Tafuta Classic X-Men 1, pia ya 1986, iliyorudia Giant-Size X-Men 1 na kuongeza kurasa mpya. Gazeti la X-Men lenyewe lilikufa kama hadithi mpya mwaka 1970 kwenye namba 66. Kuanzia 67 hadi 93 lilirudia hadithi za zamani tu. Namba hizo ni katuni za X-Men za miaka ya 70 zenye kazi za miaka ya 60, na hakuna anayezikimbilia.

Zipo pia nakala mpya zinazoiga toleo la zamani ukurasa kwa ukurasa pamoja na matangazo yake. Dukani ni za bei nafuu. Nunua moja ya Giant-Size X-Men 1 leo, si kwa sababu itapanda bei, bali ikufundishe kitabu kinavyotakiwa kuwa ndani, ukurasa kwa ukurasa, ili utakapopewa halisi ujue kama kuna kitu kimepungua.

Marudio yana hatari moja: wapo wanaoyauza kama halisi. Mwaka 1974 DC, kampuni inayoshindana na Marvel, walichapa marudio ya Action Comics 1 ya 1938, anamotokea Superman mara ya kwanza, kwa umbo kubwa kuliko la kawaida, yakiwa na jalada la nje linaloeleza kwamba ni marudio. Matapeli wakawa wanang'oa jalada hilo, wakabaki na kitabu kinachofanana na cha milioni za dola. Rula tu inatosha kumuumbua tapeli huyo. Mwaka 1966 yalitoka pia marudio ya Marvel yaliyouzwa pamoja na sahani ya santuri, likiwemo Amazing Spider-Man 1. Hayo hayana bei jaladani. Jizoeze kusoma maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza. Mwaka, namba na jina la chapisho viko pale.

Storm kwa bei ya chai

Sasa nifike kwenye kinachonifurahisha zaidi. Soko linalipia kutokea kwa mara ya kwanza, halilipii hadithi bora. Katika Giant-Size X-Men 1, Storm ni mmoja tu wa kundi linalokusanywa na Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, ambaye anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Kurasa zake ni chache. Ukitaka kujua alizaliwa na nani, mama yake binti mfalme wa Kenya na baba yake mpiga picha Mmarekani mweusi, walivyokufa Kairo na yeye akafukiwa chini ya kifusi, na kwa nini hadi leo anaogopa mahali pa kubana, hayo yako katika X-Men 102 ya Desemba 1976, ya mwandishi Chris Claremont na mchoraji Dave Cockrum. Nakala ya hali ya kati hupatikana ndani ya bajeti yako ya mwezi mmoja.

Uncanny X-Men 173 ya 1983 (ni gazeti lilelile la X-Men, jina limerefushwa tu) inamwonyesha akiwa amenyoa nywele pande zote mbili na kuvaa ngozi nyeusi. Namba 186 ya Oktoba 1984, iliyochorwa na Barry Windsor-Smith, anahangaika baada ya kupoteza nguvu zake katika namba 185. Na namba 198, mwaka mmoja baadaye, anarudi Afrika akiwa binadamu wa kawaida. Namba 201 anamshinda Cyclops, mwenzake katika X-Men, bila nguvu zozote na kuchukua uongozi. Marvel Team-Up 100 ya 1980 ina kisa kifupi cha jinsi alivyokutana na Black Panther, shujaa mwingine wa Marvel kutoka Afrika, wakiwa vijana. Kwa mtu anayempenda Storm, hizi ndizo tunu, na nyingi ya hizo utazitoa kwenye masanduku ya bei chee.

Kununua kwa akili

Usiangalie bei zinazoombwa, angalia zilizolipwa. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuona vilivyokwisha kuuzwa, na huko ndiko ukweli uliko. Pia usipime kwa bei za 2021. Watu walikuwa wamefungiwa majumbani, pesa zikaingia kwenye katuni, bei zikaruka, kisha zikashuka. Muuzaji akikuonyesha bei ya mwaka ule, mwonyeshe ya mwezi uliopita.

Usinunue uvumi wa filamu. Jungle Action 6 ya 1973, anamotokea Killmonger, adui wa Black Panther, iliwahi kukaa kwenye masanduku ya bei chee. Filamu ya Black Panther ya 2018 ilipokaribia, kila mtu akaitaka. Filamu ya mhusika ikitangazwa umeshachelewa. Subiri ipite, watu wachoke, ndipo uingie.

Wauzaji wengi wakubwa hukubali kulipwa kidogo kidogo, kitabu kikibaki kwao hadi umalize. Kwa mwenye pauni 50 kwa mwezi, huu ndio mkopo pekee ninaoukubali, kwa kuwa hauna riba. Kadi ya mkopo usiitumie. Kama mnacheza upatu na wenzako hapo Leicester, zamu yako inaweza kununua kitabu kizima kwa mara moja, na mwenye pesa taslimu hupunguziwa. Ila usiingie upatu kwa ajili ya katuni tu. Zamu ikigongana na ada ya shule ya mdogo wako, ada itangulie.

Njia nyingine ni kununua mzigo. Mtu anauza sanduku la katuni 100 za miaka ya 80. Unachukua tano unazozitaka, nyingine unaziuza mojamoja. Inataka muda na nafasi, na mwenye zamu za usiku huenda asiwe navyo. Kuhusu mitandao inayouza hisa za katuni ghali, unalipa pauni kadhaa na kuambiwa unamiliki sehemu ya kitabu kilichofungiwa kabatini: hutakishika wala kukisoma. Usinunue.

Kuhifadhi ni kazi rahisi: mfuko wa plastiki ya poliesta, kadi isiyo na tindikali nyuma yake, kitabu kisimame wima, mahali pakavu pasipo na jua. Usipeleke mkusanyiko Mombasa kabla hujapata chumba kikavu. Unyevu na chumvi vitakula pini kwanza, halafu kutu iingie kwenye karatasi.

Ningekuwa wewe, miezi mitatu ya kwanza ningenunua ile nakala mpya inayoiga Giant-Size X-Men 1, Classic X-Men 1, X-Men 102, na namba 186 na 198. Hapo tayari una mkusanyiko wa Storm ambao wengi wenye pesa hawana. Kisha ningeweka pauni 45 kila mwezi bila kuzigusa, na tano zilizobaki zingeenda kwenye masanduku ya bei chee ili moyo usikauke. Baada ya mwaka utakuwa na pauni 500 na ushee, na hapo ndipo nakala chakavu lakini timilifu ya Giant-Size X-Men 1 huanza kuonekana.

Ukiiona, muombe muuzaji picha za jalada mbele na nyuma, mgongo, ndani ya jalada, maandishi madogo ya ukurasa wa kwanza, na kurasa za katikati pini zikionekana. Muulize kwa maandishi kama kurasa zote zipo na kama kuna rangi au gundi iliyoongezwa, ili jibu lake likulinde ukilazimika kurudisha. Akisita kufungua kitabu, pita. Akikubali, nitumie picha hizo kabla hujalipa, nizipitie moja moja.